Eda Isiyokwisha

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Saynab alichomoza kichwa juu ya ua wa miba na kumuuliza wifi yake swali lile lile.

"Abaayo, dada yangu, zimekuja?"

"Hazijaja," Kaltun alijibu.

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi ya nini? Nenda kapike."

Saynab alishuka kwenye ndoo aliyoipindua ili kupata urefu, akaenda kupika. Warsan, binti wa nyumba, aliegemea mlango wa jiko akicheka mpaka akatoa machozi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na hakuwahi kuona watu wazima wakingoja jambo la namna hii kama watoto wanaongoja matokeo ya mtihani.

Baba yake, Mohamud Rage, dalali wa mifugo, alikuwa amemwacha mama yake, Kaltun, kwa talaka moja. Mke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe, na eda huhesabiwa kwa siku zake za mwezi. Zikija mara ya kwanza na ya pili, mlango bado uko wazi: mume akisema tu "nimekurejea", mke ni wake, bila mahari mapya na bila hata kumwuliza anaonaje. Zikianza kuja mara ya tatu, mlango umefungwa. Kaltun angefunga nguo zake na kwenda Masalani kwa kaka yake Jama, aiache nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, aiache na meza yake ya maziwa ya ngamia sokoni.

Kwa wanawake wengine hiyo ni shughuli ya miezi mitatu. Kwa Kaltun, aliyekuwa na miaka arobaini na saba, mara ya kwanza zilikuja vizuri. Mara ya pili zikaja mbiombio, baada ya siku kumi na saba tu za twahara, kama mgeni aliyesahau kofia yake akarudi kuichukua. Nyumba nzima iliingiwa na hofu. Halafu kimya. Ukapita mwezi, ikapita miwili, mitatu. Talaka ilitolewa mwezi wa tatu, na sasa ulikuwa mwezi wa nane.

Kilicholeta talaka ni chetezo. Alasiri moja ya joto Mohamud alikuwa na mgeni, mzee mnunuzi wa ng'ombe kutoka Hulugho, na Saynab akaleta chetezo cha ubani ili kumheshimu. Moshi ukamfikia Kaltun alipokuwa akipakua wali. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi kwenye mizizi ya nywele, kama amefunikwa blanketi lililotolewa juani, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amekinyakua chetezo na kukitupa dirishani. Bahati mbaya mgeni alikuwa ametoka nje kutawadha. Hakuumia, lakini kilemba chake kilishika moto upande mmoja, na mzee alikimbia kuuzunguka uwanja mara mbili, Mohamud nyuma yake na birika la maji. Moto ulipozimika Mohamud alirudi akihema, akatamka talaka mbele ya watu wanne. Kisha akaapa kwamba hatamrejea mpaka aombe radhi.

Kaltun hakuomba. Si kwamba hakujuta. Hakujua aombe radhi kwa jambo gani, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua lilitoka wapi.

*

Basi wakaishi nyumba moja kama wapangaji wasiopatana. Mohamud alilala chumba cha wageni. Kabla ya kuingia uani alikohoa mara tatu, na Kaltun akajitanda mtandio wake, hata kama alikuwa amekwisha kujitanda, ili ionekane kwamba amejitanda.

"Warsan," Mohamud alisema asubuhi moja, akiwa hatua nne kutoka kwa Kaltun, "muulize mama yako kama chai ina sukari."

"Mwambie baba yako aionje."

"Mwambie nikiionja na haina sukari, nitakuwa nimeharibu mdomo."

"Mwambie mdomo wake uliharibika tangu mwezi wa tatu."

Warsan alikuwa amesimama katikati yao na sinia. "Aabo, ina sukari. Hooyo, anashukuru."

"Sijashukuru," alisema Mohamud, lakini akanywa.

Katika soko la mifugo alijionyesha mtu asiye na wasiwasi. Aliwaambia madalali wenzake kwamba mwili wa Kaltun una akili kuliko kichwa chake, na umekataa kuondoka. "Miaka ishirini na sita," alisema. "Mwili unajua kwao." Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Lakini akirudi nyumbani alitembea haraka kuliko alivyohitaji, akachungulia kwanza kamba ya nguo kuona kama kanga za Kaltun bado zimeanikwa pale, ndipo akakohoa.

Maneno mawili tu yangemaliza mambo. Kila siku aliyafikisha mpaka kooni, akakumbuka kiapo, akayameza. Na Kaltun, ambaye usingizi ulikuwa umemkimbia na magoti yalikuwa yakimuuma kama ya ajuza, alijiambia kwamba hata akiyasikia hayatampendeza. Kurudishwa kwa neno moja, kama mbuzi anayepigiwa mluzi? Alitaka kuulizwa. Lakini Masalani hakutaka kwenda. Mambo haya mawili alikaa nayo kifuani pamoja, pale pale palipokuwa na lile joto.

Ni Saynab aliyekuja na habari ya mimba.

"Mwanamke ambaye siku zake hazionekani miezi mitatu ana nini?" aliuliza akiwa juu ya ndoo yake. "Na hasira? Na jasho? Na juzi amelilia mbuzi aliyevunjika pembe? Naa Kaltun, una mtoto tumboni tangu kabla ya talaka, na zile mbili zilikuwa damu ya kudanganya tu. Eda yako mpaka ujifungue. Ndugu yangu ana muda wa kutosha."

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imefika soko la mifugo. Mohamud alipokea pongezi kwa kichwa kilichoinama kwa adabu na mabega yasiyoinama hata kidogo. Alirudi na kilo ya maini na mfuko wa tende, akamkabidhi Warsan.

"Mwambie mama yako ale."

Kaltun alikula maini yote. Alikuwa na njaa, na hakuna mtu aliyemwuliza chochote kinachohitaji jibu.

*

Siku mbili baadaye, sokoni, joto lilimshika akiwa anapima maziwa. Wanawake wa meza za jirani waliona uso wake unang'aa na kikombe cha kupimia kinamwagikia mkononi mwake. Kisha wakamwona anainua ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe na kujimwagia yote kichwani, mtandio, gauni na kila kitu.

Soko likageuka. Halafu likacheka.

"Kaltun anajiosha kabla ya kufa!" mmoja alipiga kelele.

"Sogeeni, kuna mto mpya!"

Kaltun alisimama akichuruzika. Alijaribu kukasirika, lakini hasira haikuja kwa wakati, kilichokuja ni kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope aliyoyatengeneza mwenyewe, na akiwa pale chini akaanza kulia, kisha akacheka tena. Hapo wenzake wakaacha kucheka, wakatazamana.

Mteja aliyekuwa mbele ya meza hakuwa amecheka. Alikuwa Kasyoka, muuguzi wa hospitali, Mkamba wa Kitui aliyehamishiwa Garissa mwaka wa tisini na mbili na kupenda maziwa ya ngamia kuliko alivyotarajia. Aliinama, akamwambia kwa sauti ya chini.

"Mama Warsan, hii joto inakujia mara ngapi kwa siku?"

"Tano. Sita. Ni malaria, sista. Nimemesa dawa mara nne mwaka huu. Malaria hii inakataa kutoka."

"Na miezi yako?"

Kaltun alitazama kando, akahakikisha hakuna anayesikiliza. Wote walikuwa wakisikiliza. "Imebotea," alinong'ona.

"Jumanne uje kliniki. Usimeze kitu kingine mpaka Jumanne."

*

Jumanne Kaltun alikwenda na Warsan ili amtafsirie. Kiswahili chake cha sokoni kilimtosha kwa maziwa. "Bei naijua yote," alimwambia binti yake njiani. "Haya mengine sijui yanaitwaje hata kwa Kisomali."

Hakusema kwamba anaogopa. Shangazi yake mmoja wa Buna alikufa kwa kitu ndani ya tumbo la uzazi, na siku zote alikuwa amefikiri kwamba kitu hicho huanza kwa moto.

Kasyoka aliwaweka kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Alipima presha. Alichukua damu na mkojo. Aliuliza maswali yake polepole na kuandika majibu, na Warsan alitafsiri akiwa amekaza macho kwenye picha ya mtoto anayechanjwa ukutani.

"Anauliza kama unalala, hooyo."

"Mwambie nalala kama mlinzi."

"Anauliza kama unasahau vitu."

"Mwambie juzi niliweka chumvi kwenye..." Kaltun alisita. "Nimesahau niliiweka wapi."

"Anauliza," Warsan alianza, akanyamaza, masikio yakawa mekundu. "Sista, hilo siwezi kumwuliza mama yangu."

"Basi toka nje kidogo," alisema Kasyoka. Warsan akatoka, na wanawake wawili wakaelewana kwa Kiswahili kibovu, kwa mikono, na mwishowe kwa vicheko vilivyomfanya Warsan abandike sikio mlangoni asiambulie kitu.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya saa moja. Malaria haikuwapo. Mimba haikuwapo. Presha ilikuwa nzuri, ila damu ilikuwa imepungua kidogo, akapewa vidonge vya kuongeza. Daktari naye alimpapasa tumbo, akasema haoni uvimbe wowote. Kasyoka alimwita Warsan ndani, akavuta kiti karibu.

"Mwambie mama huu si ugonjwa. Mwili wa mwanamke ukikaribia kuacha hedhi haufungi siku moja kama duka. Unafunga mlango, unafungua, unachungulia. Miezi inaruka, au inafuatana haraka. Joto linapanda ghafla. Usingizi unapotea, mtu anasahau alipoweka chumvi, hasira inakuja mbele, machozi nyuma yake, viungo vinauma. Kwa wengine ni mwaka, kwa wengine miaka minne, mitano."

Warsan alitafsiri. Kaltun alisikiliza huku mdomo umefunguka kidogo.

"Alijuaje chumvi?" aliuliza.

"Hooyo, ulimwambia mwenyewe."

"Na hasira? Nani alimwambia habari ya hasira?"

Kasyoka hakungoja tafsiri. Alifungua mtoto wa meza, akatoa leso iliyolowa jasho, na nyingine, na ya tatu. Akachukua faili ya mgonjwa na kujipepea nayo. "Mimi ni mwaka wa pili," alisema. "Mwezi uliopita nilimfukuza mume wangu jikoni na mwiko."

Kaltun alizitazama leso zile. "Kumbe na Wakamba mnaungua?"

"Hata Wakikuyu, mama."

Walicheka mpaka mgonjwa wa upande wa pili wa pazia akauliza kama anaweza kuingia. Kaltun alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu mwezi wa tatu kilisogea, akavuta pumzi hadi chini.

Kisha akauliza kile alichokuja kuuliza. "Sista, hii ya tatu. Itakuja lini?"

"Hapo hata daktari hajui. Inaweza kuja kesho. Inaweza kuja mwakani. Inaweza isije tena. Ukimaliza mwaka mzima bila hedhi, halafu uone damu, siku hiyo hiyo uje hapa. Na ikija nyingi ya kukutisha, usingoje mwaka, uje. Kwa sasa vaa pamba, acha dirisha wazi, punguza chai kali, na uache dawa za malaria usizopimiwa." Kasyoka akafunga faili. "Jumanne ijayo uje na mzee. Haya mambo wanaume wanasikia vizuri wakiambiwa na mtu wa ofisi."

Jioni Warsan alimwambia baba yake kwamba si mimba.

"Nilijua," alisema Mohamud. Kesho yake alienda soko la mifugo kwa njia ya nyuma.

*

Jumanne iliyofuata Kaltun aliamka kabla ya adhana. Saynab alipochomoza kichwa juu ya ua, alimkuta amekwisha kuoga, amevaa gauni la Idi, na anachota majivu jikoni huku akiimba.

"Abaayo, zimeku..."

"Leo sina nafasi, Saynab. Nakwenda hospitali na kaka yako."

"Unaimba?"

"Nimekatazwa?"

Mohamud alifuata nyuma ya Kaltun na Warsan, hatua kumi, kama mtu anayekwenda kwingine. Alikuwa amekubali kwa sababu Warsan alimwambia kwamba muuguzi ameandika jina lake kwenye kitabu, na mtu aliyeandikwa kwenye kitabu cha serikali ni bora aende.

Benchi la kliniki lilikuwa na wanawake kumi na wanne. Wengine walikuwa na matumbo, wengine na watoto mgongoni, na mmoja alikuwa bibi mwembamba aliyemsindikiza mjukuu. Mohamud alitafuta mahali pa kusimama, hakupata, akakaa mwisho wa benchi na bakora kati ya magoti.

Bibi alimkagua toka kichwani hadi kwenye makubadhi.

"Warya," alisema, "wewe una miezi mingapi?"

Benchi lote likatikisika. Mohamud alitazama dari. "Mitano," alisema mwishowe, kwa kuwa ndiyo hesabu pekee iliyokuwa kichwani mwake, na benchi likalia kwa kicheko.

Mlango wa Kasyoka haukufungika vizuri, na wote watatu walipoingia ulibaki wazi kiasi cha upana wa kiganja. Kasyoka alimweleza Mohamud kama alivyomweleza mkewe, bila kupunguza, akionyesha kwa kalamu. Mohamud alikijua Kiswahili cha sokoni, lakini hakuwahi kukitumia kwa jambo lisilo na kwato.

"Hii ugonjwa iko na sindano?"

"Si ugonjwa, mzee."

"Lakini moto iko. Mimi nimeona. Mzee wa watu ameungua kilemba."

"Moto uko kweli. Yeye hakuuwasha. Unakuja wenyewe, dakika tatu, nne, unaondoka. Ukimfukizia ubani chumba kimefungwa, unamwongezea."

Kidole cha Mohamud kikawa kinachora kitu kwenye bakora. "Bole yake," alisema polepole, kwa sauti ambayo Warsan hakuwahi kuisikia. "Mimi nilifikiri amenichoka."

Kaltun aligeuza uso dirishani.

"Na hii ya tatu?" Mohamud aliuliza. "Haitakuja tena, si ndiyo? Imekwisha?"

"Sikuahidi hivyo. Inaweza isije. Inaweza kuja mwakani. Inaweza kuja leo, saa hii, tukiwa tumekaa hapa."

"Saa hii?"

"Saa hii."

Mohamud aliruka. Kiti kilianguka, bakora ikaanguka, na kile alichokuwa akikimeza kwa miezi mitano kikatoka kwa Kisomali na kwa sauti ya mnadani.

"Kaltun! Nimekurejea! Nimekurejea kwenye ndoa yangu, na hawa wote ni mashahidi!"

Nje, benchi liliinuka. Bibi mwembamba ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na wengine kumi na watatu wakaitikia, watoto wakaamka na kulia, na mtu kwenye korido ya pili akauliza nani amejifungua.

"Keti, Mohamud," alisema Kaltun. "Umechelewa."

"Nimechelewa vipi?"

"Zimekuja. Leo alfajiri, kabla ya adhana."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Kwenye upenyo wa mlango lilionekana jicho la bibi. "Rudisheni," aliwaambia wenzake nyuma. "Rudisheni vigelegele, ameachika."

Mohamud alibaki amesimama. Hakuna aliyeweza kumbishia Kaltun. Katika jambo hili mwanamke ndiye mwenye habari na ndiye mwenye neno, na Mohamud alimjua kwa miaka ishirini na sita kuwa hasemi uongo hata kwenye bei.

"Umekaa kimya tangu alfajiri?" aliuliza.

"Wewe umekaa kimya miezi mitano."

"Na ukaniacha nije hapa, niketi na wanawake, nichekwe?"

"Nilitaka usikie kwanza. Ningekwambia nyumbani, ungesikia kwamba nimekwenda, usingesikia kwa nini niliungua." Midomo yake ilitetemeka, na kwa muda haikujulikana itaangukia upande gani. Iliangukia kwenye kicheko.

Kasyoka, asiyejua Kisomali, alimvuta Warsan mkono. "Wanasema nini?"

"Sista, baba na mama wameachana."

"Lini?"

"Hapa hapa. Yaani, alfajiri. Lakini ndiyo amejua hapa."

"Na mbona mama anacheka?"

Warsan alimtazama mama yake, aliyekuwa anamwokotea mtu asiye mumewe bakora. "Nafikiri," alisema, "hakuna mtu anayeweza kumwita kwa mluzi sasa."

Mohamud alipokea bakora bila kugusa vidole vya Kaltun. "Basi unakwenda Masalani."

"Nakwenda. Njia unaijua."

*

Jama, kaka yake Kaltun, alikuwa na shamba dogo la mahindi na ndizi kando ya Tana, ng'ambo ya kivuko cha mtumbwi. Kwa miaka ishirini na sita shemeji yake alikuwa akimwita "mtu wa jembe", na akija mjini alipewa chai kwenye kikombe chenye ufa. Kwa hiyo siku ya tisa tangu dada yake afike, alipoona mtumbwi unaleta wazee watatu waliovaa vizuri, na nyuma yao Mohamud Rage akiwa amepaka hina kwenye ndevu, Jama aliketi chini ya banda lake, akakunja mguu, akafurahi kabla hawajafika.

"Karibuni. Mmekuja kununua ndizi?"

"Tumekuja kuposa," alisema mzee wa kwanza.

"Kuposa! Hapa kuna msichana mmoja tu, naye ni mpwa wangu Warsan, amekuja kumsindikiza mama yake."

"Si huyo, abti," Warsan alisema kutoka nyuma ya pazia la mkeka, akiwa amefunika uso kwa mikono. "Ingawa ndiye mwenye umri wa kuposwa."

"Ni Kaltun," alisema Mohamud.

"Mposaji haongei," Jama alisema. "Au mjini mmebadilisha?" Akageukia wazee. "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Jama, unajua kazi yangu."

"Kijana ana haraka. Ana mke?"

"Alikuwa naye."

"Ilikuwaje?"

Wazee walitazamana. Mohamud, ambaye hakutakiwa kuongea, aliongea. Alisema bila kupaza sauti, akitazama mkeka ule. "Nilidhani ni hasira. Kumbe lilikuwa joto. Nilipaswa kuuliza, nikatamka. Nisamehe."

Nyuma ya mkeka ikaja sauti ya Kaltun. "Vilikuwa vyote viwili. Joto lilikuja lenyewe. Chetezo nilirusha mimi. Na wewe nisamehe."

Jama alikohoa, kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwisha mapema kuliko alivyopanga. "Bado mahari," alisema kwa ukali. "Dada yangu ni mke wa thamani. Ana meza sokoni. Nasema ngamia watatu."

"Ngamia?" Mohamud alishika ndevu zake zenye hina. "Mara ya kwanza nilitoa wawili, naye alikuwa na miaka ishirini na mmoja!"

"Sasa ana ujuzi."

"Jama, nyamaza," alisema Kaltun. "Sitaki ngamia. Nimekwisha kufikiri. Nataka feni."

Wazee walitega masikio.

"Feni," Kaltun alirudia. "Ile ya kusimama, ya umeme, yenye kasi tatu. Mpya, kwenye boksi lake. Na dirisha la chumba changu linabaki wazi nitakavyo. Akikubali, nami nimekubali. Nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, asije mtu akasema sikuulizwa."

Mohamud alikuwa amekwisha kusimama. "Nimekubali. Kasi nne kama wanazo."

"Mposaji akae," alisema Jama, lakini alikuwa anatabasamu, na chai ilipokuja aliwapa wote vikombe vizima.

*

Walifungishwa ndoa pale pale Masalani siku ya Ijumaa. Jumapili adhuhuri bibi harusi aliingia tena nyumba aliyoikandika mwenyewe, na Saynab, juu ya ndoo yake, alipiga vigelegele mpaka ndoo ikamtupa.

Feni ilikuwa katikati ya chumba ndani ya boksi lake. Mohamud hakumruhusu mtu yeyote kuligusa. Alikata kamba, akatoa vipande, akavipanga mkekani kwa ukubwa wake, akaisimamisha feni kwa muda wa saa nzima, huku Warsan akimsomea maelekezo na yeye akimwambia anajua. Kisha akafuta mikono, akachomeka waya, na kubonyeza swichi ya kwanza.

Feni haikuzunguka. Alibonyeza ya pili. Alibonyeza ya tatu. Warsan akajaribu taa.

"Aabo, umeme umekatika."

"Tangu saa ngapi?"

"Mtaa mzima," Saynab alisema kutoka uani. "Tangu asubuhi. Wanasema labda kesho."

Na hapo hapo, kama lililokuwa likingoja tangazo hilo, joto likampanda Kaltun. Alikaa kitandani, akajifungua mtandio shingoni, akafumba macho. Uso ulianza kung'aa. Warsan alikimbilia maji.

Mohamud aliitazama feni, akamtazama mkewe. Alichana upande mmoja wa boksi, kipande kikubwa kilichoandikwa "Shika kwa uangalifu", akavuta kigoda karibu na dirisha lililo wazi. Akaanza kumpepea. Mara za kwanza alipepea kama anayefukuza nzi, kisha mkono ukapata mwendo wake, na upepo ukaanza kuinua ncha za nywele kwenye paji la Kaltun.

Alipepea bila kupumzika. Jasho likaanza kumtoka yeye.

"Inafika?" aliuliza.

Kaltun hakufumbua macho.

"Hiyo ni kasi ya kwanza," alisema. "Tia ya tatu, Mohamud."